Aliuliza kuhusu bajaji ya umeme, wakamcheka, tapeli akamjibu

Kama uko kwenye makundi ya magari ya hapa Bongo, Facebook au WhatsApp, ugomvi huu unaujua. Mtu anaweka picha ya bajaji ya umeme, na kabla jua halijazama watu wameshatukanana. Wa mafuta wanasema betri ikifa na wewe umekwisha. Wa umeme wanawaita wenzao watu wa kale. Wa gesi wanaleta hesabu zao za kilo, halafu anatokea mmoja na kipande cha video cha gari linaungua, hakina tarehe wala mji, anaandika "hiyo ndiyo gesi yenu". Kesho yake wanaanza upya.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu ipo Tabata. Mitungi ya gesi sifungi, kazi hiyo ina karakana zake zilizoidhinishwa, lakini magari yaliyofungwa gesi huja kwangu yakisumbua upande wa nyaya. Bajaji na pikipiki za umeme nazo zimeanza kuja. Kwa hiyo ubishi wenyewe siuchukii, una maana yake. Ninachotaka kusema leo ni kwamba ubishi huo una watu wanaousoma kimya wakiwa na fedha mkononi na swali moja la kweli, na kuna watu wengine wanaousoma wakiwatafuta hao.

Mama mdogo wangu alifiwa na mume. Baba mdogo alikuwa mtumishi wa serikali, na mafao yake yalipotoka mama mdogo akafikiria kile wanachofikiria wanawake wengi wa rika lake hapa mjini: chombo cha moto. Unanunua bajaji, unampa kijana, kijana analeta hesabu jioni. Biashara inayoeleweka. Kilichomchanganya ni aina ya bajaji. Nyumbani walimwambia mafuta hayashikiki, jirani akamwambia gesi inalipuka, kwenye simu akaona za umeme. Akaliuliza kundi moja kubwa, kwa adabu zake:

"Habari za jioni wanangu. Mimi ni mjane, nimepata mafao ya marehemu mume wangu. Nataka bajaji ya kumpa kijana. Ninunue ya mafuta, ya gesi au ya umeme? Naomba ushauri wenu."

Amenipa ruhusa ya kusimulia haya kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisitaje kiasi. Nimemuuliza pia kwa nini hakuniuliza mimi, mtoto wa dada yake, fundi, niliye umbali wa nauli moja ya daladala. Akasema mafao ya marehemu yakishaingia kwenye mazungumzo ya ukoo hayatoki salama. Alishaona kwa wajane wenzake. Alitaka watu waione bajaji ikiwa imeshapaki mlangoni. Siwezi kumlaumu kwa hilo, ukoo wetu naujua.

Majibu aliyoyapata nimeyasoma yote. Vikatuni vya kucheka. "Mama fuga kuku." "Umeme nchi gani, hii ya mgao?" Wawili wakaanza kubishana juu ya betri za lithiamu na kumsahau kabisa aliyeuliza. Mmoja akamwambia wanawake waache mambo ya vyombo. Hakuna hata mmoja aliyeandika "pole kwa msiba".

Aliyeandika pole alikuja inboksi, usiku uleule:

"Shikamoo mama. Nimeona swali lako kule kundini. Kwanza pole sana kwa kuondokewa na baba. Samahani kwa lugha za wale vijana, si wote tuliolelewa hivyo."

Nilikaa na mama mdogo mezani kwake tukayasoma mazungumzo yale tangu hapo hadi mwisho, na ninakwambia ukweli, kwa muda mrefu hakuna pesa mle. Kuna salamu za alfajiri. Kuna mstari wa Zaburi. Kuna "umeshakunywa dawa ya presha mama?" kwa sababu siku moja alitaja presha na yule mtu akakumbuka. Kuna maswali kuhusu marehemu: alipenda nini, alifanya kazi wapi, mafao yalichukua muda gani kutoka. Swali la mwisho hilo limewekwa katikati ya mengine hata hulioni. Watoto wa mama mdogo wanampenda, lakini wana kazi na wana nyumba zao. Huyu mtu alikuwa na muda. Kazi yake ilikuwa huo muda.

Kisha likaja somo la teknolojia, na kama fundi hapa ndipo paliponiuma zaidi, maana karibu kila alichomfundisha kilikuwa sahihi. Alimwambia Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazotumia mafuta hazisajiliwi tena. Ni kweli. Alimwambia Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya mafuta mwanzoni mwa 2024. Ni kweli. Alimtumia video ya Rais Ruto akizindua pikipiki za umeme Mombasa, Septemba 2023. Hiyo nayo ni kweli. Alimweleza vizuri kabisa jinsi dereva anavyoingia kituoni na betri iliyokwisha, akaiacha, akaondoka na iliyojaa bila kusubiri chaji. Ndivyo wanavyofanya.

Mama mdogo si mtu wa kukurupuka. Alimuuliza binti yake, kwa kuzungukazunguka, kama habari ya Kigali ni ya kweli. Binti akatafuta mtandaoni akamwambia ndiyo mama, ni kweli. Basi akawa amehakiki! Tunawaambia wazee wetu kila siku wahakiki habari kabla ya kuamini, na huyu alihakiki. Alichohakiki ni kile ambacho tapeli alitaka kihakikiwe.

Baada ya hapo ndipo kampuni ilipoingia. Kampuni, aliambiwa, ina bajaji za umeme Kigali na Mombasa na inakuja Dar. Huhitaji kununua bajaji nzima na kuhangaika na dereva mlevi. Unanunua kipande, na kila siku unapata sehemu ya hesabu. Akatumiwa linki ya programu. Nimeifungua programu hiyo kwenye simu yake kabla haijazimwa. Ina ramani ya mji, na juu ya ramani kuna vibajaji vidogo vya kijani vinatembea. Ukigusa kimoja kinakuonyesha chaji ya betri iliyobaki, kwa asilimia, na abiria waliobebwa leo. Chini kuna namba ya shilingi inayopanda kidogo kidogo ukiwa unaitazama. Hakuna gari lolote nyuma ya michoro ile. Bajaji moja ilikuwa inakatiza katikati ya ziwa.

Aliweka fedha, na mara ya kwanza alipotaka kutoa faida, pesa ikaja. Kweli kabisa, ujumbe wa mtandao wa simu ukaingia, pesa ikatolewa kwa wakala, ikanunua unga na mafuta ya kupikia. Watu wanaocheka waliotapeliwa hawalielewi jambo hili. Wanadhani mtu alitoa fedha kwa ahadi tupu, kumbe alitoa kwa sababu alishalipwa. Hapa kwetu si jambo geni. Waliokuwepo 2009 wanaikumbuka DECI, watu "wakapanda" na "kuvuna" mpaka serikali ilipoingilia. Mwanzoni mwa 2025 polisi walikamata watu kwenye mikoa kadhaa kwa ajili ya LBL, mpango mwingine wa aina hiyo. Upatu ni uleule, unabadilishiwa nguo tu, na msimu huu nguo ni umeme kwa sababu umeme ndio unaozungumzwa.

Yule mtu alimpa maagizo mawili, na yote mawili yana akili ya kutisha. La kwanza: "Usiwaambie vijana wako kwanza mama, watakukatisha tamaa, utawashangaza bajaji ikifika." Ili kulithibitisha akamtumia skrinshoti za matusi ya kundini, yaleyale ya siku ya kwanza. "Unaona wanavyokuchukulia?" Kila aliyemcheka mama mdogo siku ile alimpa tapeli ushahidi wa bure. La pili: awaalike wenzake wa kikoba, wajane wapate punguzo. Akawaalika. Waliingia wawili.

Fedha zilikwama siku alipotaka kutoa kiasi cha maana. Programu ikaandika kwamba akaunti yake "imepandishwa daraja" na kuna kodi ya kulipa kwanza. Akalipa. Ikaja ada ya kontena bandarini, maana sasa, aliambiwa, bajaji yake halisi ilikuwa imefika, na picha ya karatasi yenye nembo na mihuri ikatumwa. Faili linafungwa saa 10 jioni. Akalipa. Ikaja ada nyingine, na mfuko ukawa umeisha. Yule kijana wa Zaburi akamwelekeza, kwa upole uleule, kwenye programu ya mkopo wa haraka.

Mimi nilijulia hapo. Nilikuwa chini ya gari, simu ikalia, nikasoma: "Ndugu, wewe ni mdhamini wa mkopo wa" na majina yote matatu ya mama mdogo, "amekimbia deni, mwambie alipe leo kabla picha yake haijasambazwa." Sijawahi kumdhamini mtu yeyote. Programu ile ilivuna namba zote zilizomo kwenye simu yake na kumtangaza kwa kila mtu: mimi, mchungaji, fundi cherehani wake, mwalimu mkuu wa shule alikostaafia dada yake. Kausha damu za mtandaoni ndivyo zinavyodai. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, na watu walidhani zimekwisha. Zinabadilisha jina zinarudi.

Nilifunga gereji nikaenda. Alikuwa amezima simu na amekaa chumbani. Alichokuwa anarudia si pesa. Alikuwa anasema, "Nitawaangaliaje wale wawili?" Wenzake wa kikoba. Mtu anayekula fedha za mjane ni mwizi. Mtu anayemfanya mjane awalete wajane wenzake kwa mkono wake, huyo sina neno lake.

Wiki haikuisha likaja wimbi la pili. Mtu mwingine, sauti ya mtu mzima, anajitambulisha kama afisa wa kitengo cha kurejesha fedha zilizotapeliwa mtandaoni. Anajua kiasi chake chote hadi shilingi ya mwisho. Anahitaji tu ada ya fomu. Mama mdogo alitaka kulipa, nisipokuwepo angelipa. Alijuaje kiasi? Kwa sababu ni walewale, au wameuziana orodha. Aliyeibiwa mara moja huwa na namba ya simu yenye bei kuliko yangu na yako.

Sasa mambo ya kufanya, nayaandika kwa haraka kwa sababu nimeyapitia. Meseji ya kitapeli na namba iliyoituma unaziripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kutuma kwenda 15040, bure. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwani namba zilizopokea fedha za mama mdogo zina majina ya watu ambao huenda hawajui hata kama wanazo. Mtandao wako wa simu ukikupigia unatumia namba 100, si namba ya kawaida. Ukishatuma fedha na ukashtuka, wapigie huduma kwa wateja hapo hapo, dakika zina maana, kabla haijatolewa. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Mama mdogo alitaka kuyafuta, tukayahifadhi, na ndiyo yaliyofungua jalada polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na kuendesha upatu ni jinai. Jalada lina namba. Fedha hazijarudi.

Lakini kuna sehemu ambayo polisi hawawezi kuifanya, ni ya sisi tunaozijua hizi mashine. Nina hasira na wale waliomcheka, naisema wazi. Wengi wao ni mafundi wazuri. Mmoja ana ujuzi wa betri kuliko mimi na angeweza kumjibu kwa mistari mitano. Swali la mama mdogo lilikuwa zuri kuliko ubishi wote uliofuata chini yake. Basi nalijibu hapa, kama nilivyomjibu mezani kwake.

Gesi kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotishiwa zaidi. Watu wanachanganya gesi ya jikoni na gesi asilia. Ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini inasubiri cheche. Gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mtwara, ni nyepesi, ikivuja nje inapanda na kutawanyika. Mtungi wake ni mnene kwa sababu gesi imebanwa kwa mgandamizo wa kama bar 200, na una tarehe za ukaguzi zilizogongwa juu yake. Hatari ipo kweli pale mtu anapofunga mtungi wa jikoni kwenye chombo, au mtungi usio na tarehe, au fundi wa uchochoroni anapounga mipira kwa kukisia. Taabu ya kawaida ya gesi ni foleni ya kituoni. Tangu TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi, wafungue kituo mama cha gesi barabara ya Sam Nujoma watu wanapumua kidogo, ila vituo bado ni vichache na nje ya Dar ndiyo kabisa.

Hesabu nilimwandikia nyuma ya bahasha, kwa bei za siku ile. Bajaji inayofanya kazi ya kutwa mjini hapa nimeiwekea lita 4 za petroli. Kwa lita iliyokuwa inazunguka shilingi 3,000 ni kama 12,000 kwa siku, 312,000 kwa siku 26 za kazi. Kwa gesi kazi hiyo ni kama kilo 3, na kilo kwa karibu 1,550 unapata kama 121,000 kwa mwezi. Kwa umeme nimeweka uniti 8 kwa siku, uniti 208 kwa mwezi. Hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyemwambia, wala tapeli. Mama mdogo anatumia umeme kidogo na yuko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, kama shilingi 122 kwa uniti. Bei hiyo ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Akichaji bajaji nyumbani anavuka kikomo, anahamia kwenye bei ya karibu 356. Uniti zile 208 ni kama 74,000, bado ni nafuu kuliko zote, lakini hata umeme wa taa na friji yake nao utapanda.

Kuna na hili: kwa utaratibu wa hesabu, mafuta anaweka dereva. Kwa umeme wa nyumbani, LUKU ni ya mama. Wasipokubaliana mapema kwa maandishi nani analipa, nafuu yote inamwendea kijana.

Na betri. Bajaji nyingi za umeme za bei ya chini zinakuja na betri za asidi, na hizo kwa kazi ya kutwa zinachoka mapema. Za lithiamu zinadumu ila ni ghali, na ikifa unahitaji mtu hapa Dar mwenye stoo na dhamana iliyoandikwa. Mtu wa kwanza kumuuliza ni dereva aliyenayo mwaka mzima. Muuzaji aulizwe baadaye. Kadi iwe kwa jina lako, chombo ukipande ukizunguke nacho kabla ya kulipa, na fedha iende kwenye akaunti ya kampuni yenye duka unaloweza kurudi kesho asubuhi. Kipande cha bajaji hakuna anayekiuza.

Mama mdogo ameamua gesi, kwa sababu anaishi karibu na kituo na kijana atakayeendesha ameizoea. Kilichobaki mkononi mwake hakitoshi mpya, hivyo mwanawe mkubwa anaongezea na wanatafuta ya mtumba. Safari hii ukoo unajua. Wale wawili wa kikoba amekwenda kuwaona, nikiwa naye, na wamekubaliana kwamba kila mwezi kitu kidogo cha hesabu kitakuwa kinawarudia. Nyaya nitazikagua mimi. Mtungi utapelekwa karakana iliyoidhinishwa ukasomwe tarehe kabla hajatoa shilingi.